Dereva Asiyejua Kuendesha Gari

Hata likizoni, baba yake Cheche aliamka saa kumi na moja alfajiri. Hakuna aliyemwamsha. Alikuwa amekanda unga katika kiwanda cha mikate kwa miaka ishirini, na mwili uliozoea kazi hauelewi habari za likizo. Alioga, akatandika kitanda chake, akanyoosha shuka pembe kwa pembe, kisha akaketi barazani kusubiri bahari ionekane.

"Baba, hapa kuna watu wa kutandika vitanda," Cheche alilalamika huku akijifunika shuka kichwani. "Sisi ni wageni. Hatutakiwi kufanya kitu."

"Sasa mwanangu, mtu mzima na akili zangu niache kitanda kama kiota cha kunguru, kisha mwenzangu aje kunikunjia? Nitamtazamaje usoni?"

Cheche aligeukia ukutani. Bibi yake ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu maneno yalimtoka mdomoni harakaharaka kama cheche za moto. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na hakuna mwalimu aliyewahi kulalamika kwamba msichana huyo haongei.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi. Mwenye kiwanda alimpa baba siku tano katika hoteli ya ufukweni, yeye na mtu mmoja wa nyumbani, kwa sababu katika miaka yote ile hakuwahi kukosa kazini hata siku moja. Mama alikuwa na mtoto mchanga wa miezi miwili. "Nendeni nyinyi," alisema. "Mimi na huyu mdogo tutafanya likizo yetu hapahapa kitandani, kama atakubali kulala." Basi baba na binti wakapanda basi, wakaenda.

Siku ya kwanza Cheche alijiona malkia. Chumba kilikuwa na pazia jeupe lililocheza na upepo, na ukifungua dirisha unaisikia bahari. Lakini siku ya pili macho yake yalianza kutembea, yakaona baba za wenzake. Walivaa kaptura za maua na kofia pana. Walilala kwenye viti virefu kando ya bwawa la kuogelea, na glasi ikiisha walinyanyua kidole tu.

Baba yake yeye alivaa suruali yake ya kijivu ya kazini, imefuliwa na kupigwa pasi, pamoja na viatu vyeusi vya kufunika ambavyo vilijaa mchanga kila alipopiga hatua. Mikono yake ilikuwa na alama za kuungua, kumbukumbu za trei za moto. Alimsalimia kila mtu: mlinzi, mkata majani, mwosha vyombo. Asubuhi ile aliliona lori likishusha magunia ya unga nyuma ya jiko, akashindwa kujizuia. Alitia bega. Alirudi akiwa mweupe kuanzia shingoni hadi kiunoni, anatabasamu kama aliyeokota kitu.

"Unga wao ni mzuri," alimwambia Cheche mbele ya watu wote waliokuwa bwawani. "Laini kabisa. Ukiushika unajua."

Cheche alitazama maji. Alitamani baba aende chumbani, tena haraka.

Baba alipoondoka kwenda kujipangusa, msichana mmoja aliyevaa miwani alisogea karibu. Walikuwa wamecheza pamoja jana yake, na Cheche alikuwa akimwita Miwani, naye hakuchukia. Mama yake alikuwa daktari wa meno, na walikuja na gari lao kubwa la rangi ya fedha.

"Yule mzee aliyejaa unga ni nani wenu?" Miwani aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza tu kama watoto wanavyouliza.

Hapo ndipo ulimi ulipomponza Cheche.

"Ni dereva wetu," alisema.

"Kumbe. Na baba yako yuko wapi?"

"Ana kazi nyingi. Atakuja keshokutwa."

"Mbona sijaona gari lenu?"

"Liko gereji. Linabadilishwa breki."

Loo, uongo ulivyomtoka mtoto yule. Ulikuja wenyewe, mmoja ukimvuta mwenzake, na kila mmoja ukiwa na maelezo yake. Hata Cheche mwenyewe alishangaa ulivyokuwa mwepesi. Kisha Miwani akamrushia mpira, wakaingia majini, na jambo likawa kama limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Saa sita na nusu hivi, baba alikuwa amesimama kivulini akimsubiri binti yake waende kula. Mara yule daktari wa meno akaja moja kwa moja hadi alipokuwa, funguo za gari mkononi. Cheche na Miwani walikuwa hatua tatu nyuma yake, wakijifuta maji.

"Dereva, samahani," mama yule alisema. "Binti wa bosi wako amemwambia mwanangu kwamba gari lenu liko gereji, kwa hiyo leo huna kazi. Mume wangu mgongo unamsumbua, hawezi kushika usukani. Tunataka kwenda kuuona mnara wa taa saa tisa. Utatuendesha?"

Baba aliduwaa. Alitazama nyuma kuona kama kuna dereva aliyesimama mgongoni mwake. Hakuwapo mtu. Ndipo macho yake yakamwangukia Cheche.

Cheche alitaka ardhi ipasuke immeze. Masikio yalimwaka. Alijua kwamba baba hajawahi kushika usukani maishani mwake, hata wa trekta. Alijua kwamba neno moja tu la baba lingemuumbua mbele ya Miwani na mama yake, na kwamba angestahili. Akainamisha uso, akasubiri.

"Nisamehe, mama," baba alisema polepole. "Ningewaendesha, lakini mkono wangu huu wa kulia unauma. Umeteguka asubuhi kwenye magunia."

"Pole sana, mzee. Basi pumzika. Tutakwenda siku nyingine."

Baba alikuwa mtu wa kurudi dukani akizidishiwa sukari kidogo tu. Cheche hakuwahi kumsikia akidanganya, si kwa mkubwa si kwa mdogo. Sasa alikuwa amemsikia. Wakiongozana kwenda kwenye ukumbi wa chakula, alisubiri afokewe, au hata akatwe jicho tu.  Baba alitembea mbele tu, mkono wa kulia ameuweka kifuani kama mtu aliyeumia kweli.

Ukumbini, wali na samaki na matunda vilipangwa kwenye meza ndefu, kila mtu akijipakulia. Walikuwa hawajakaa bado, sahani zao mikononi, daktari alipomwita Cheche kwa mkono.

"Njoo ukae na sisi, binti. Utakulaje peke yako? Dereva wenu anaweza kukaa na wenzake kule nyuma, nimewaona wana benchi lao."

Cheche alimtazama baba. Hata hapo alikuwa bado na nafasi. Neno lilikuwa kooni pale, fupi tu, lakini alilimeza.

"Nenda ukae na rafiki yako," baba alisema kwa upole. Akashika sahani yake, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mhudumu mmoja, kijana mwenye tai nyeusi, akamfuata hadi mlangoni.

"Mzee, mbona huko? Meza yenu ni ile ya dirishani."

"Huku kuna hewa nzuri zaidi, mwanangu. Usihangaike."

Huo ulikuwa uongo wa pili. Cheche aliuhesabu.

Alikaa kati ya Miwani na baba yake Miwani, bwana mnene mcheshi aliyekalia mto kwa ajili ya mgongo wake. Walimwongezea samaki. Walimuuliza kuhusu shule. Alijibu ndiyo na hapana, yeye aliyekuwa haishiwi maneno. Chakula kilimkaa mdomoni kama pamba.

"Ana adabu yule dereva wenu," bwana yule alisema. "Wengine ukiwaomba kitu wananuna siku nzima. Yule ni mtu."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kutoka pale alipokaa Cheche aliliona benchi. Madereva watatu walikuwa wamemsogezea baba nafasi, wanacheka naye. Sahani ilikuwa juu ya magoti yake. Ilimchukua Cheche muda kuelewa kilichomfanya ashindwe kuondoa macho pale. Baba alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto. Kijiko kilimcheza. Kila alipokiinua, wali ulimwagika kwenye ile suruali iliyopigwa pasi, naye akauokota punje kwa punje na kujaribu tena. Mkono wa kulia, mzima kabisa, wenye nguvu ya kukanda unga wa mtaa mzima, ulikuwa umelala kifuani bila kazi. Baba alijua kwamba daktari anaweza kumwona. Alikuwa anailinda siri ya binti yake kwa kila kijiko.

Cheche alisimama. Kiti kilikwaruza sakafu na watu wa meza ya jirani wakageuka.

"Yule si dereva," alisema. Alielekeza kidole kwenye benchi. "Yule ni baba yangu. Hatuna gari na hajui kuendesha. Anaoka mikate. Mkono wake hauumi. Amesema unauma kwa sababu yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyedanganya."

Miwani alibaki mdomo wazi. Baba yake akaweka uma mezani. Daktari alifunika uso kwa kiganja, na alipokiondoa, macho yake yalikuwa chini.

"Na mimi nimemfukuza mezani kwake," alisema. "Mgeni mwenzangu. Sikumuuliza hata jina, nikamwita dereva. Ngoja nikamwombe radhi."

"Naomba nianze mimi, mama," Cheche alisema. "Tafadhali."

Njia ya kufika kwenye benchi ilikuwa kama hatua ishirini, lakini hajawahi kutembea njia ndefu kama ile. Alihisi kila jicho mgongoni mwake. Madereva walipomwona mtoto anakuja huku machozi yanamtiririka, wakainuka mmoja mmoja, wakajifanya wana shughuli kwenye magari yao.

"Baba, nimewaambia," alisema. "Nimewaambia wote. Nisamehe. Kula kwa mkono wako wa kulia."

Baba alihamisha kijiko mkono wa kulia taratibu, akakitazama, kisha akakiweka kwenye sahani.

"Kaa," alisema.

Cheche akakaa.

"Nisikufiche, nimeumia. Yule mama aliponiita dereva nilidhani amenifananisha na mtu. Nilipokuona uso wako, nikaelewa. Moyo wangu ulishuka hadi kwenye soksi." Aliiweka sahani kwenye benchi. "Udereva ni kazi nzuri. Hawa niliokaa nao ni watu wa maana kuliko hata nilivyodhani. Kilichoniuma ni kwamba mwanangu alitaka baba mwingine."

"Sitaki baba mwingine," Cheche alisema, na kilio kikamshinda.

"Najua. Sikiliza sasa, maana na mimi nina kosa langu. Nilidhani nakusitiri. Kumbe mzazi akimsitiri mtoto kwa uongo, anamfundisha kudanganya vizuri zaidi. Leo nimesema uongo mara mbili, na nitakwenda kumwomba radhi yule mama na yule kijana mwenye tai. Mimi mwenyewe nimeona haya."

"Haya zako ni zangu, baba. Mimi ndiye niliyeanza."

"Basi zifahamu vizuri, maana ziko za aina mbili. Asubuhi uliona haya kwa sababu ya suruali yangu, na unga, na alama hizi za mikononi. Hizo ni haya za bure. Hakuna mtu aliyekosewa hapo. Mtu akizifuata, zitamfanya amkane hata aliyemzaa. Sasa hivi unaona haya kwa sababu ya jambo ulilolitenda wewe mwenyewe. Hizi usizikimbie. Hizi ndizo zilizokuinua kwenye kile kiti. Ukikua, kila uso utakapokuwaka, jiulize kwanza: nimemkosea mtu, au naogopa tu kuchekwa? Kama umekosa, nenda ukatengeneze. Kama unaogopa kuchekwa, nyanyua kichwa, endelea na safari yako."

Cheche alijifuta uso kwa mkono wa blauzi. Mlangoni daktari alikuwa amesimama na mumewe, wamekuja kusema yao, na Miwani nyuma yao akiwa hajui aweke wapi mikono. Baba aliinuka kuwalaki. Waliongea kwa muda mfupi, kwa sauti za chini, kama watu wazima wanavyoongea wote wakiwa na hatia. Mwisho bwana mnene alimwuliza baba mkate mzuri unajulikanaje, na hapo baba akasahau kila kitu, akaanza kueleza kwa mikono yote miwili.

Wali ulikuwa umepoa. Cheche aliichukua sahani ya baba, akatangulia nayo kuingia ukumbini kumwekea chakula cha moto. Ukumbi ulikuwa umejaa wakati huo, na wale waliomsikia akikiri walikuwa bado mezani, wanamtazama. Uso ulimwaka tena. Hakuinamisha kichwa.

Yule kijana mwenye tai nyeusi alimkuta katikati ya njia. "Nikuandalie meza ya watu wangapi, binti?"

"Wawili," Cheche alisema, kwa sauti ambayo hata meza za mwisho zilisikia. "Mimi na baba yangu."