Sauti ya Mstari wa Juu

Sokoni Uyole, Mbeya, asubuhi ile kila mtu alikuwa na haraka, isipokuwa Bupe. Alikuwa amekaa juu ya gunia la viazi, kitenge cha njano kiunoni, akiimba kwa sauti ya chini na kuandika nota kwenye daftari.

“Dada, huo wimbo wa nani?”

Kijana mrefu, shati jeupe, viatu vinang'aa utadhani tope la Uyole halimhusu.

“Wimbo wangu, viazi vya bibi. Unanunua kipi, kaka?”

“Wimbo.”

Huyo alikuwa Liberatus, mwalimu wa muziki Iringa, aliyewalea watunzi chipukizi waandike muziki mpya wa fidla uliotoka katika nyimbo za kwao. Bupe akajiunga na darasa lake; kwa miezi sita alipanda basi kwenda na kurudi, na jioni simu haikupoa.

“Umekula, mpenzi?”

“Kwanza niambie, ukurasa wa tatu umeuonaje?”

Mapenzi ni kikohozi. Hata bibi alishajua.

Wiki mbili kabla ya onyesho la watunzi hao, Liberatus alimrudishia karatasi zake. Fidla ya nne, ambayo Bupe aliiandika ichelewe kuingia, ilikuwa imesogezwa kwa kalamu nyekundu, iingie sambamba na zile tatu.

“Ulikosea kuhesabu, mpenzi. Nimekunyooshea.”

“Kwa hiyo bibi yangu, aliyenifundisha kuingia hivyo, amekosea kuhesabu miaka yote hii?” Bupe akamsukumia karatasi. “Usipoirudisha, jina langu lisisomwe. Na simu usinipigie!”

Akarudi Mbeya siku hiyo hiyo.

Siku ya tatu Liberatus akatokea shambani kwao, mlimani juu ya Uyole. Bibi alimpa jembe, akamweka mstari wa nne wa walimaji, wa juu kabisa. Wanawake wa chini wakaanzisha wimbo, nao ukapanda mteremko mstari kwa mstari. Liberatus akadakia mapema, wakamcheka.

“Ngoja ukufikie, mwanangu,” bibi alisema.

Safari ya pili akangoja. Kisha akaweka jembe chini, akamfuata Bupe.

“Nimekusawazishia mlima, Bupe. Nisamehe.”

“Iandike upya kwanza.”

Akaiandika pale pale, karatasi gotini, vidole vina udongo.

Siku ya onyesho, ukumbi wa Iringa ulijaa. Fidla tatu zikaingia, ya nne ikakaa kimya. Watu wakatazamana, mmoja akakohoa. Bupe hakutetereka. Ndipo ikaingia, na bibi kwenye kiti cha mbele akaitikia kwa kichwa.

Nje, Liberatus alimshika mkono.

“Nikileta wazee wangu kwa bibi, utanikubali?”

Bupe akanyamaza. Moja, mbili, tatu, nne. Liberatus hakudakia.

“Walete,” akasema.