Nyumba Tatu za Juu

Jumamosi kwetu Mbololo huanza na kazi. Siku hiyo nilikuwa nimeteka maji, nimefagia uwanja na kuchagua maharagwe, sasa roho yote iko kwenye mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira, Shangazi Pauline alipofika kutoka Voi. Yeye ndiye msimamizi wa mradi wa kuwafikisha hospitalini haraka watu waliopatwa na kiharusi.

“Rita, nyumba hizi kumi na mbili ni zako,” alisema, akinipa simu na karatasi. “Simama mlangoni pa kila nyumba, upige namba hii ya dharura. Ikiita, andika ‘inaita’. Isipoita, andika ‘haiiti’. Wenye mtandao tutawabandikia mlangoni kadi ya kuwaambia wapige pale pale. Wasio nao tutawapa filimbi, ili jirani wa bondeni awasikie na awapigie simu. Umeelewa?”

“Nimeelewa, Shangazi.”

Nyumba tisa nilizimaliza vizuri. Tatu za mwisho, mojawapo ya Nyanya Katuku, zilikuwa juu kabisa mlimani, na jua lilikuwa kali. Chini nilisikia wenzangu wakicheka. Basi nikapanda lile jiwe la njiani ambalo kila mtu hulipanda akitafuta mtandao, nikapiga mara tatu. Ikaita mara tatu. Nikaandika ‘inaita’ kwa nyumba zote tatu, huyoo, nikakimbilia mchezo.

Jioni Shangazi alinisifu mbele ya watu wote. “Huyu ni mtoto wa kazi!” Nilitabasamu, kisha nikainamia sahani yangu ya ugali.

Wiki mbili baadaye, nikielekea shuleni, nilimwona Ndulu akiteremka mlima mbio huku analia. Ndulu ni mjukuu wa Nyanya Katuku, na tunasoma darasa moja.

“Nyanya! Mdomo umeenda upande, mkono hauinuki! Nimepiga simu zaidi ya nusu saa, haiiti! Na kadi mliyobandika mlangoni inasema nipige nikiwa pale pale, nisimwache mgonjwa!”

Nilimvuta hadi kwenye jiwe, akapiga, na simu ikapokelewa mara moja. Ambulensi ilikuja. Nyanya Katuku alipona, ila mkono wake wa kulia, ule wa kusukia vikapu, ulibaki mzito. Daktari alisema ile nusu saa ingemsaidia sana.

Nyanya aliporudi nyumbani, siku tatu sikuweza kumtazama Shangazi usoni. Siku ya nne nilimwambia kila kitu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alinishika mkono, tukapanda mpaka kwa Nyanya.

“Yaseme mwenyewe,” akaniambia.

Nilisema huku machozi yananidondoka. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ndulu, aliyekuwa ameketi kando ya Nyanya, alisimama.

“Mimi nilifikiri ni kosa langu,” alisema polepole. “Nilifikiri sijui kutumia simu. Kila usiku nawaza kuwa mimi ndiye niliyemlemaza Nyanya.”

Maneno hayo yaliniumiza kuliko kiboko chochote. “Nisamehe, Ndulu. Si wewe. Ni mimi.”

Nyanya alinyoosha mkono wake mzima, akanivuta karibu. “Umekuja kusema, mjukuu wangu. Sasa utakuwa ukija kunishikia mkonge hadi huu mkono uzoee tena.”

“Nitakuja, Nyanya. Kila Jumamosi.”

Tulitoka nje. Shangazi alinipa karatasi mpya, nami nikasimama mlangoni pa kila nyumba, zote tatu. Simu haikuita hata mara moja. Kadi zikabanduliwa, filimbi zikagawiwa. Ndulu alipuliza yake kwa nguvu, na jirani wa bondeni, Mama Sylus, akaitikia huku amenyanyua simu yake juu.

“Rita,” Shangazi akasema, “kazi yangu yote ni kumwokolea mgonjwa dakika zake. Lakini nitaziokoaje kama karatasi yangu inanidanganya? Siku ile ungeandika tu ‘sikufika’, nisingekukasirikia. Ningepanda mwenyewe.”

Niliinamisha kichwa, nikaandika ‘haiiti’ mara tatu, kwa mwandiko wangu bora.