Vichwa Vyote Alivyosuka Mama

Fundi cherehani wa mlango wa pili anaapa kwamba polisi walikuja gari zima, wakamkokota msusi kutoka saluni, mteja akabaki na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka. "Pingu nimeziona kwa macho yangu haya!" huwaambia wateja huku akikanyaga cherehani.

Pingu hazikuwapo. Gari pia halikuwapo. Alikuja afande mmoja, mwanamke, kwa miguu, akaomba maji ya kunywa kabla ya kusema lolote. Lakini kichwa cha mteja kilibaki nusu kweli. Hapo fundi hakuongeza chumvi.

Binti wa msusi, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa kwenye kigoda akimchambulia mama yake nywele za bandia, kama alivyofanya kila akitoka shule. Mtaa mzima humwita Chiriku, maana kunyamaza hajui. Afande aliweka kikombe chini, akataja namba ya simu.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu," msusi akajibu.

"Basi, mama, kuna filamu imetoka kwenye namba yako ikafika mtandaoni kabla haijaonyeshwa popote. Mwenyewe ameshitaki. Kesho asubuhi tunakuhitaji kituoni."

Msusi aliijua filamu hiyo. Vichwa vyote vilivyomo alivisuka yeye, na mwenye filamu alimtumia nakala atazame kama nywele za bibi harusi zimekaa sawa. "Isitoke kwako, dada," alimsihi. Naye hakumpa mtu. Akageuka taratibu kumtazama binti yake.

"Ndiyo, ni mimi," Chiriku akasema kabla hajaulizwa. "Niliiweka kwenye kundi la darasa, kwa simu yako. Nikaandika kwamba mama yangu ndiye aliyesuka vichwa vyote humu. Kwani uongo?"

"Chiriku! Umeiba kitu cha watu?"

"Sikuiba! Mwizi hujificha. Mimi nimegawa mchana kweupe, tena bure."

"Mtoto ana mdomo huyu!" mteja akaguna.

Afande hakupandisha sauti. "Bure au kwa bei, kusambaza kazi ya mtu bila ruhusa yake ni kosa la jinai. Mtu mzima anaweza kutozwa faini, anaweza kufungwa, anaweza kupata vyote viwili. Na namba hii imesajiliwa kwa jina la mama yako, si lako."

Chiriku aliziweka chini nywele alizokuwa akichambua.

Afande alipoondoka, msusi akaacha kusuka, na Chiriku akakimbilia kwa kijana anayetengeneza simu pale kona, akamweleza yote. Kijana akacheka.

"Hilo dogo. Vunjeni laini, mseme simu iliibwa. Ndiyo ujanja wa mjini."

"Yaani nimsingizie mwizi ambaye hata hayupo?"

"Unataka mama yako afungwe? Ukienda pale kusema kweli, watakumeza!"

"Wakinimeza watanitapika," Chiriku akasema, akamwacha na bisibisi yake mkononi.

Asubuhi mama alimwambia aende shule. Akavaa sare, akabeba mkoba, akaenda kituoni. Alimkuta mama yake kwenye benchi, kando ya mwanamke mwenye macho mekundu kama hakulala. Huyo ndiye mwenye filamu.

"Afande, aliyeiweka ni mimi. Mama alikuwa kazini, hakujua. Andika hivyo."

"Nani kakuita hapa?" mama akanong'ona kwa hasira. "Nenda shule!"

"Siendi."

Mwenye filamu akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Wewe ndiye uliyeandika yale maneno?"

"Mimi. Na sioni aibu kumsifu mama yangu."

"Nywele ni za mama yako, sikatai. Na yule mpiga ngoma, aliyerudia mpaka viganja vikamvimba? Na mshika kamera, aliyesimama mtoni maji yakiwa kiunoni? Wao uliwauliza? Ukumbi wa maonyesho umetukataa. Wanasema, nani atakuja kutazama kitu alicho nacho mfukoni?"

Kila Chiriku alipoitazama filamu ile, alikuwa akiona nywele tu.

"Nilidhani ni yetu," akasema polepole. "Kwa kuwa mama yumo."

Mwenye filamu alizungumza na afande pembeni, kwa muda mrefu. Waliporudi, afande alisema mashitaka dhidi ya msusi yameondolewa. Mtoto amepewa onyo. Akirudia, hakutakuwa na mazungumzo. Aifute filamu sasa hivi, na aliambie darasa zima.

Chiriku alichukua simu ya mama, akaifuta pale pale, akaandika kwenye kundi. Majibu yakamiminika: "Mwoga!" "Afande kakubana?"

Akaandika: "Sijabanwa. Nilikosea mimi. Futeni. Atakayebaki nayo asinisalimie."

Nje ya kituo, mama alimshika bega.

"Kunisifu ni vizuri, mwanangu. Lakini umenisifu kwa jasho la wengine. Kazi ya mtu haigeuki yako kwa sababu unaipenda, wala kwa sababu mama yako aliigusa. Ukitaka kuitoa, muulize mwenyewe. Akikataa, basi, imekataliwa. Na kuja hapa ukasema kweli..." Alimtengenezea kola ya sare.

Mwenye filamu alikuwa anatoka getini. Chiriku akamkimbilia.

"Dada! Ukitengeneza nyingine, naomba mama yangu asuke tena. Kosa lilikuwa langu, si lake."

Mwenye filamu alisimama. Akamtazama msusi, akamtazama mtoto. "Kwanza nipate ukumbi wa hii," akasema, akarekebisha mkoba begani, akasubiri lori lipite, akavuka barabara.