Mstari wa Arobaini na Moja

Kidoti hajaanza shule bado, kwa hiyo alipoacha kijiko kwenye uji, akasimama wima na kusema, "Nipo, mwalimu!", mama yake alicheka.

"Unamjibu nani, mama?"

"Mwalimu ananiita. Ana sauti ya vumbi."

Kicheko kikakauka. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, redio imezimwa, na kwenye nywele za mtoto, zilizosukwa jana tu, kulikuwa na unga mweupe wa chaki.

Mama Kidoti alikuwa karani wa elimu. Jiji sasa lina shule mia tatu, na wakubwa walitaka historia yake iandikwe tangu ile ya kwanza ya chumba kimoja, basi yeye akapewa madaftari ya mahudhurio ayanakili. Jana alifungua lile kuukuu kuliko yote. Majina arobaini, kisha mstari wa arobaini na moja uko wazi, karatasi imekwanguliwa. Kalamu ilikuwa inagoma, akaijaribu pale pale, na mama gani akijaribu kalamu haandiki jina la mwanawe?

Sasa alimbeba mtoto mgongoni akakimbia kwa Bibi Fagio, aliyeifagia shule ile mpaka kiuno kikapinda.

"Umeandika kwa wino?" bibi alinong'ona.

"Kwa wino, bibi."

"Ole wetu. Asubuhi ile mwalimu aliita arobaini, wote wakaitika. Wa arobaini na moja alichelewa, katumwa maji. Ukuta ukawaangukia. Waliwazika, lakini daftari halikufungwa, na kilichovaa sauti ya mwalimu tangu siku ile si mtu. Kinangoja idadi itimie."

"Na huyo aliyechelewa?"

Bibi akatazama viganja vyake. "Mama yangu alinikwangua kwa wembe. Nilikuwa sijaitika. Aliyekwisha kuitika hakwanguliki, mwanangu. Akiitika mara tatu, ameingia darasani."

"Kidoti ameitika mara moja! Nifanye nini, bibi? Niambie!"

"Nafasi hupewa mwingine, wa damu yake. Sikukwambia ufanye."

Saa sita mchana, ofisini, wenzake wakila, Mama Kidoti alilifungua daftari, na harufu ya udongo mbichi ikamjaa puani, na chini ya kelele za barabarani akasikia madawati yakiburutwa, vikohozi vya watoto wengi wenye vumbi kooni, kisha sauti kavu ikianza kuita jina moja baada ya jingine, na kila jina likaitikiwa, kila itikio likiwa karibu zaidi na meza yake, hadi thelathini na tisa, hadi arobaini, na mgongoni Kidoti akakakamaa, akavuta pumzi, "Ni—", naye akamziba mdomo kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akakata jina la mwanawe, akaandika la kwake juu yake, akaitika kabla hajaitwa.

"Nipo."

Kimya. Kidoti akalala fofofo, mwepesi kama pamba.

Asubuhi iliyofuata mtoto aliumaliza uji wote, akalamba na kijiko. Hakuna aliyemwita. Alimtazama mama yake, aliyesimama jikoni na upawa mkononi, akacheka mpaka akapaliwa.

"Mama, nywele zako! Umekuwa bibi!"

Mama Kidoti hakugeuka. Alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, upawa ukidondosha uji sakafuni.

"Nipo, mwalimu."

"Mama? Unamjibu nani?"

Hiyo ilikuwa ya pili.