Goti la Mzee Werema

Nyumbani kwa Mzee Werema, kule Gorong'a, mgonjwa alihudumiwa vizuri mpaka akaanza kuharibika.

Dume la ng'ombe lilimwangusha, akavunjika mguu juu ya goti. Hospitali walimfunga hogo la plasta. Siku ya kulitoa waliambiwa mfupa umeunga, sasa aanze mazoezi. Nyumbani wakaona mazoezi ni kumtesa mzazi. Wakamlaza. Uji ulimfuata kitandani, maji ya kunawa yalimfuata. Mwanawe, Joram, alimbeba hadi chooni. Regina, mke wa Joram, aliweka chakula kwenye kigoda na kutoka bila kumtazama. Mke hamgusi baba mkwe wake.

Mwezi wa pili wa kulala, goti likawa gumu kama gogo. Na Jumatatu iliyofuata Joram alitakiwa kurudi kwenye machimbo ya dhahabu.

Wakampeleka tena hospitali. Safari hii walipokelewa na Tumsifu, binti kutoka Same, mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi na kukanda. Alimwamkia mzee shikamoo, akaomba kulishika goti. Mzee akavuta blanketi.

"Wewe ni sawa na mkwe wangu," alisema. "Aibu hiyo siitaki."

Tumsifu hakubishana. Alivuta kiti, akakaa.

"Hata waliotutangulia waliikuta aibu hiyo, mzee. Uingereza, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wapo waliojiita wakandaji huku wakifanya machafu. Kazi nzima ya kukanda viungo ikapata jina baya. Wauguzi wanne, wote wanawake, wakaunda chama. Wakaweka kanuni na mitihani. Bila agizo la daktari, hawagusi mgonjwa."

Akaeleza kwamba baadaye zilikuja vita kuu, na askari wengi walirudi hawawezi kutembea. Ukaja pia ugonjwa wa polio. Kazi ikakua, ikawa taaluma. Leo inasomewa hata Moshi, na yeye alisomea huko.

"Kwa hiyo nina agizo la daktari, nina kanuni, na nitafunika kila nisichokihitaji. Ukisema acha, naacha."

Mzee bado alilishikilia blanketi. Regina, aliyesimama karibu na mlango, ndiye aliyesema, akimwita baba kwa lugha ya kwao.

"Tata, Joram anaondoka Jumatatu. Goti lisipokunjika hutaweza kuchuchumaa. Chooni utapelekwa na nani? Ni mimi."

Mzee alimtazama mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu aumie. Kisha akafunua goti.

Tumsifu aliwafundisha wote. Mzee akae na kuzungusha khanga kwenye wayo. Aivute polepole, kisigino kije kwake, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Maumivu kidogo wakati wa kuvuta si vibaya. Goti likivimba au kupata moto, warudi hospitali.

Wiki ya kwanza mzee alivuta peke yake. Ya pili, goti lilifika mahali likagoma. Alivuta, khanga ikateleza, akavuta tena. Regina alikuwa uani anapukuchua mahindi.

"Mama Rahabu," mzee alimwita kwa jina la mtoto wake. "Njoo ushike kisigino."

Regina alinawa mikono, akaja, akashika. Goti lilisogea upana wa kidole.

Habari zilimfikia Waisiko, dada wa mzee, huko Turwa. Alipofika, wiki nne za mazoezi zilikuwa zimepita. Alimkuta kaka yake anatoka chooni kwa miguu yake, fimbo mkononi. Alifurahi, akamkumbatia. Kisha akageuka na kumuuliza Regina tangu lini mke wa mtu anamshika baba mkwe. Alimtaka aombe radhi hapo hapo.

"Mimi ndiye niliyemwita," mzee alisema.

"Wewe ulikuwa mgonjwa. Yeye alikuwa mzima."

Regina alimsogezea kiti, akamletea chai. Alimsubiri anywe kidogo.

"Shangazi, nakuheshimu, na tata namheshimu. Nimemshika ili asije akabebwa na mimi hadi chooni. Kuomba radhi, siombi. Na jioni nitamshika tena."