Siku Nilipofuta Mabango

Kila nikitoka shule nilikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa: kuosha brashi za baba. Baba ni mchora mabango. Karakana yake ni chumba cha mabati nyuma ya nyumba yetu, kilichojaa makopo ya rangi, kamba ya chaki ya kupigia mistari, na harufu ya mafuta ya taa isiyotoka hata mlango ukiachwa wazi wiki nzima. Mabango yote ya mji wetu ameyaandika yeye. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndiye aliyevumbua herufi, na yeye hakuona haja ya kunisahihisha.

Mwaka huo nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na redio ilikuwa ikituweka matumbo joto. Kila taarifa ya habari ilisema majeshi ya nchi jirani yanazidi kujipanga mpakani, na mpaka wenyewe ni mwendo wa saa moja tu kwa lori. Majirani wawili walikuwa wamekwisha kufunga magodoro yao juu ya gari wakaondoka. Baba alipoulizwa sisi tunaondoka lini, alijibu, "Nina bango la shule halijakauka." Jibu hilo nililipenda sana. Nami nilitaka kufanya kitu, ili hao watu wakithubutu kuja, wajute.

Jioni moja mama alinituma nyama. Bucha ilijaa watu, ingawa wanunuzi walikuwa wachache. Muuza nyama wetu hupenda kuzungumza kuliko kupima nyama, na siku hiyo alikuwa akihutubia, kisu mkononi.

"Mimi nawaambia! Adui akiingia mji asioujua, anategemea nini? Mabango! Futa mabango yote uone. Atazunguka mpaka mafuta yamwishie, arudi kwao kwa miguu!"

Watu walicheka. Mimi sikucheka hata kidogo. Niliona huo ni mpango kamili wa vita, na kwamba wa kuutekeleza nimepatikana.

Kesho yake alfajiri, watu wakiwa bado wamelala, nilimdanganya mama kuwa nina zamu ya kufagia darasa. Nilichukua kopo la rangi ya kijivu na brashi pana, nikaanza na bango la soko, kisha la shule. Nikamalizia njia panda, ambapo mshale mkubwa ulielekeza watu zahanati. Hapo nilisita kidogo. Nikajiambia, majeruhi wao wakatafute dawa kwao. Nikapaka. Niliingia darasani nina kijivu chini ya kucha na kichwa kimevimba kwa fahari.

Fahari yenyewe haikufika saa nne. Dereva mmoja wa lori la mchanga, mgeni kwetu, alikuwa akimkimbiza mwanawe aliyeshikwa na degedege njiani. Alipofika njia panda alikuta bati tupu. Akashika njia ya kushoto, ambayo huishia kwenye machimbo ya kokoto, akapoteza karibu saa nzima. Muuguzi wa zahanati alimpokea mtoto akiwa hajitambui. Habari hizo zilifika shuleni kabla ya kengele ya mapumziko, zikiongozana na nyingine: wapelelezi wa adui wameingia mjini na wamefuta mabango ili kutuvuruga.

Mwalimu mkuu alituruhusu twende nyumbani. Nilipopita sokoni nilikuta umati umekizunguka kibanda cha Mama Vitunguu. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, na sote tulilijua hilo kwa namna anavyotamka maneno. Miaka yote hakuna aliyejali. Sasa muuza nyama alikuwa amesimama mbele yake, kidole juu.

"Ndugu zako wako huko. Nani mwingine angefuta mabango? Funga virago vyako uwafuate!"

"Ndugu zangu wako huko, ndiyo," Mama Vitunguu alijibu, mikono kiunoni. "Na mume wangu kazikwa hapa. Wanangu wanne wamesoma shule ya hapa. Mkeo alipojifungua, nguo za mtoto nilifua mimi, wewe ulikuwa unapiga domo buchani. Siondoki. Ukitaka niondoke, nibebe!"

Muuza nyama alimtazama. Mama Vitunguu ni mwanamke anayeshusha gunia la vitunguu peke yake, kwa hiyo hakuna aliyejitokeza kumbeba. Lakini vijana wawili walianza kung'oa turubai la kibanda chake. Kapu likapinduka, na vitunguu vikatawanyika kwenye tope.

Wakati huo baba alifika, amebeba lile bati la njia panda. Watu walikuwa wamemwita akalikague. Aliikwangua rangi kwa ukucha, akainusa. Kijivu kile alikichanganya mwenyewe kwa ajili ya milango ya shule, na hakiuzwi duka lolote. Aliinua kichwa, akawapitia watu kwa macho mmoja mmoja mpaka akanifikia. Mimi niliificha mikono yangu mgongoni.

Nilijua baba hatanitaja. Alikuwa akiningoja. Ningenyamaza, jambo lingebaki kati yetu wawili, na Mama Vitunguu angekuwa amefukuzwa kabla jua halijazama. Kijana mmoja akakanyaga kitunguu, kikapasuka.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Ni mimi niliyefuta mabango! Yote matatu!"

Muuza nyama aligeuka. "Wewe? Nani amekutuma?"

"Wewe! Ulisema buchani. Ulisema adui atazunguka mpaka mafuta yamwishie."

Vichwa vyote vikamgeukia yeye. "Mimi?" alibabaika. "Aa, mimi nilikuwa napiga soga tu! Soga nazo mtu anazifanyia kazi?" Mtu mmoja alicheka. Baba hakucheka.

Nilimwendea Mama Vitunguu, machozi yakinitoka. "Mama, nisamehe. Nilisimama hapa nikasikia wakikusema, nikanyamaza."

"Uliyafuta kwa nini, mwanangu?"

"Nilitaka adui asituvuruge."

Aliwanyooshea mkono vijana wale, turubai likiwa bado mikononi mwao. "Mnasikia? Adui hata hajavuka mpaka, na kazi yake mmeshamfanyia. Haya, rudisheni turubai langu. Na vitunguu mviokote, kimoja kimoja!"

Wakaviokota. Muuza nyama naye aliinama, akaviokota na kuvifuta tope kwa aproni yake.

Baba alinipeleka zahanati moja kwa moja. Namshukuru Mungu mpaka leo: mtoto alikuwa ameamka, anaomba maji. Muuguzi alituambia wazi kwamba nusu saa nyingine angekuwa akisema mengine. Dereva alikuwa amekaa kwenye benchi, macho mekundu. Nilimwamkia, nikamweleza nilichofanya, nikaomba msamaha. Alijifuta macho kwa kiganja.

"Mabango utayaandika tena?" aliuliza.

"Ndiyo, mjomba. Leo leo."

"Basi andika kubwa. Mtu asome hata akiwa analia."

Alasiri hiyo tulisimama njia panda. Baba alipiga mistari ya chaki, kisha akanikabidhi brashi. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kunikabidhi brashi kwa kazi ya kweli. Niliandika ZAHANATI kwa herufi mara mbili ya zile za mwanzo.

"Baba, na wakija kweli?"

"Wakija watasoma," alisema. "Watasoma zahanati, shule, soko. Watajua hapa wanaishi watu, na hawajakimbia. Bango halikuwekwa kwa ajili ya adui, liliwekwa kwa ajili ya mwenye shida. Ukitaka kuulinda mji, mwanangu, ufanye uendelee kuwafaa watu wake, wote, popote walipozaliwa. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaadhibiwa kwa kosa lako. Leo umesema ukiwa umechelewa, lakini umesema."

Tulipokuwa tukikusanya makopo, Mama Vitunguu alitufikia. "Fundi, nami nataka bango."

Baba alinionyesha kwa kidevu. "Fundi wako huyo hapo."

"Niandike nini, mama?"

"Andika VITUNGUU." Nikaandika. Alirudi nyuma hatua mbili, akalitazama. "Na chini yake andika NIPO."

Bango hilo lilitundikwa asubuhi iliyofuata, na kabla ya adhuhuri kinyozi alikuja kuuliza kama naye anaweza kuandikiwa hilo neno la chini. Akaja fundi baiskeli, kisha mshonaji, kisha mama mwenye duka la vyombo. Wa mwisho alikuwa muuza nyama, ambaye alibeba ngazi yake mwenyewe na hakuhutubia.

Redio ndani ya bucha ilikuwa ikisema majeshi yameongezwa tena mpakani. Nilikuwa juu ya ngazi, nimeshamaliza N na I. Muuza nyama akaniomba niache kwanza tusikilize habari.

"Wewe shika ngazi vizuri," nilimwambia, nikachovya brashi.