Aliyemshika Ngusa Mkono

Asubuhi bandeji ilikuwa nyeupe. Fausta aliifunga mwenyewe, kama muuguzi alivyomwelekeza, akamwacha Ngusa amejilaza kwenye chumba cha uani, akaenda sokoni. Aliporudi mchana aliikuta ina madoa meusi matatu, marefu, yamezunguka kiganja kana kwamba mtu mwenye mikono ya masizi alikuja akamshika yule kijana, akakaa naye.

"Nani kaingia humu?"

"Hakuna mtu, Mama." Ngusa aliutazama mkono wake. "Ila kuna mtu ananishika vidole."

"Vidole vipi?"

"Vile ambavyo havipo."

Ngusa, mtoto wa wafugaji wa Kasansa, alikuwa akifanya kazi kwenye ukumbi wa sherehe wa Celestin, mume wa Fausta, pale Kashaulili. Alipanga viti, alifunga vitambaa, na maharusi walipoingia aliwasha fataki. Siku ya harusi moja fataki iligoma. Celestin akamwambia, "Kaichungulie, wageni wanasubiri." Ngusa aliinama, akaishika, ikamlipukia. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilibaki kwenye vumbi la uwanja wa ukumbi na hakuna aliyeviona tena. Kijana hajatoka hata hospitali, Celestin alishawaambia watu kwamba alikuwa amelewa, anachezea vitu asivyotumwa. Fausta aliyasikia yote mawili, agizo na uongo, kwa masikio yake. Hakubishana na mume wake mbele za watu. Alimchukua mgonjwa akamleta nyumbani.

Alimuuguza kama mtoto wa kumzaa. Alimpeleka kusafishwa kidonda, akampa sponji aiminye kwa vidole viwili vilivyobaki ili visikakamae. Kilichomshinda kijana ni kula kwa mkono wa kushoto. Aliona aibu, akawa anageukia ukuta. Basi Fausta akaanza kula naye sahani moja, yeye pia kwa kushoto, matonge yakiwadondoka wote wawili, mpaka siku moja Ngusa akacheka.

Kicheko hicho hakikudumu. Baada ya yale madoa, harufu ya baruti ilihamia mle chumbani, na hata dirisha likishinda wazi haikutoka. Kisha ukaanza mlio mdogo pembeni ya kitanda, kama wa mtu anayejivunja vidole akitoka kazini, kimoja, halafu kingine. Fausta akiingia, mlio unakoma.

Jioni moja, jua halijazama sawasawa, alikuwa amepiga magoti anafungua bandeji, akahisi ameshikwa kifundo cha mkono, akadhani ni Ngusa, lakini mkono wa kushoto wa Ngusa ulikuwa umelala juu ya goti lake na ule wa kulia ulikuwa wazi mbele ya macho yake, kidonda kibichi na vidole viwili tu, na bado vidole vingine vitatu, baridi kama chuma kilicholala nje, vilikuwa vinamkaza, vinapanda polepole kuelekea kwenye kiwiko, vinampapasa kama kipofu anayemtafuta mtu fulani, mpaka vikaridhika kwamba siye, vikamwachia.

Ngusa alikuwa amekodoa macho bila kupepesa. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtu mzima, ya kukwaruza.

"Siyo huyu. Aliyemtuma yuko wapi?"

Fausta alishika rozari yake mpaka kulipokucha. Asubuhi alimfuata Nyanzala, mganga wa Kisukuma ambaye yeye, Mkatoliki, alikuwa akimpita sokoni bila kumsalimia. Nyanzala alikuja. Alinusa hewa ya chumba, akaugeuza mkono wa kijana, akakaa chini.

"Mama, damu imemwagika kwenye makazi ya wenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Jini la pale ukumbini limeokota vidole, linauliza nani kaliletea. Likasikia watu wanasema ni ulevi wa mtoto. Linajua siyo kweli. Ndiyo maana halimwachi."

"Linataka nini? Kuku?"

"Kuku wa nini. Aliyemtuma amshike mkono huu aseme, nilikutuma mimi. Basi."

Celestin alipoitwa alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Mama Queen, nikisema hivyo, kesho ndugu zake wako hapa na ukumbi unafungwa. Nyie mnataka niende jela kwa ndoto za mgonjwa?"

"Neno moja tu, Baba Queen," Fausta alisema.

Ngusa akaunyoosha ule mkono. "Mzee, mimi sitamwambia mtu."

Celestin aliutazama mkono ule, kisha akaingiza mikono yake mifukoni. "Alikuwa amelewa," alisema, akaondoka.

Nyanzala alitikisa kichwa. Aliuosha mkono wa Ngusa kwa dawa yake ya majani, akawa anaongea na hewa kama anayembembeleza mtu mwenye hasira. "Huyu siye. Umeona mwenyewe kuwa siye. Mwachie." Ngusa akashusha pumzi ndefu, na harufu ya baruti ikatoka chumbani. Fausta aliisikia ikipita karibu na uso wake, ikavuka uani, ikaingia nyumba kubwa.

"Mtoe kijana leo," Nyanzala alimnong'oneza. "Na wewe toka naye."

Walikwenda Kasansa, kwa Minza, mama yake Ngusa, na Fausta akakaa kusaidia. Kidonda kilikauka. Ngusa alijifunza kufunga kamba ya ng'ombe kwa vidole viwili na meno, akitukana kila fundo. Hakuna kilichomshika tena.

Mchana mmoja simu ikaita. Alikuwa Celestin, ananong'ona.

"Mama Queen, rudi. Kuna mtu kanishika mkono. Tangu asubuhi hajaniachia."

Fausta alisogea mbali na watu. "Sema ulimtuma. Atakuachia."

Kisha akasikia kama kijiti kikavu kinavunjika, na mume wake akiguna.

"Alikuwa amelewa."

Kijiti kingine kikavunjika.

"Baba Queen, nakuomba." Fausta alikuwa analia sasa, maana huyu alikuwa mume aliyemzalia watoto. "Hakuna anayekusikia hapa ila mimi. Sema."

Alisubiri huku amekandamiza simu sikioni mpaka sikio likauma. Upande wa pili Celestin alikuwa anapumua kwa shida, kama mtu aliyebeba mzigo mlimani.

"Alikuwa amelewa," alisema tena, kwa kwikwi, na Fausta akajua kuwa mume wake ataviacha vidole vyote kumi vivunjwe kabla ya kusema.